"Mama utazoea": kuoga maji moto Japani ukiwa mtu wa hijabu na mzee ana presha

"Habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 56, naishi Tanga. Kijana wetu anasoma Japani, na mwezi wa kwanza mimi na baba yake tunakwenda kumtembelea wiki tatu, viza tumeshapata. Ametulipia zawadi ya usiku mmoja kwenye hoteli ya kienyeji milimani, mji unaitwa Kusatsu, ina mabafu ya maji moto yanayotoka ardhini. Nilifurahi mpaka nilipoona video watu wanaingia uchi kabisa, wenyeji kwa wageni. Mimi ni mtu wa hijabu, sijawahi kuvua hata mbele ya dada zangu. Kijana anasema mama utazoea. Siwezi kuingia na dira langu tu? Halafu wiki moja kabla ya safari tuna harusi, nitapaka hina na piko, na nimesikia wenye michoro mwilini wanafukuzwa. Na sisi weusi hawatatushangaa? Mzee anakunywa vidonge vya presha na sukari inampanda kidogo ila yuko vizuri, watu wanasema hayo maji yatamsaidia. Na je tubebe mataulo na sabuni? Nishauri kabla sijamwambia kijana adai hela yake irudishwe."

Shikamoo mama. Hela isirudishwe kwanza, ngoja tuongee, maana karibu kila ulichokiogopa kina njia yake, na kile ambacho hukukiogopa ndicho kimenifanya nikujibu kwa urefu hivi. Mimi nilisomea uuguzi, nikakaa wodini miaka kadhaa kabla ya kuhamia huku Japani, na sasa kazi yangu ni kupokea wageni wa kwetu na kuwatembeza. Mabafu haya nimeshawapeleka akina mama wa Mombasa, wa Unguja, mpaka wa Muscat wanaoongea Kiswahili kuliko mimi. Suala la kuvua nguo kila mmoja ananiuliza hata kabla hajauliza bei. Suala la presha mara nyingi silisikii mpaka nichokonoe mwenyewe, na hata wewe umelisukumia mwishoni, sentensi moja, "yuko vizuri". Mimi macho ya watu siyaogopi sana mama, naogopa moto wa yale maji. Lakini nianze na lako.

Kwanza tuelewane ni kitu gani hiki. Maji moto ya ardhini kwao yanaitwa onseni, na hiyo hoteli ya kienyeji yenye mikeka ya tatami na godoro la kutandikwa chini ni riokani. Wana sheria kabisa ya onseni tangu mwaka 1948, inasema maji yakitoka ardhini na joto la nyuzi 25 au zaidi, au yakiwa na kiwango fulani cha madini yaliyotajwa kwenye orodha yao, basi ni onseni. Wewe ni mtu wa Tanga, kama umewahi kufika Galanos kule Amboni ukasikia ile harufu ya yai viza, basi Kusatsu ukishuka tu kwenye basi pua yako itakuwa nyumbani, ni salfa ile ile ila huku ni mji mzima unafuka moshi. Katikati ya mji pana uwanja wanauita Yubatake, yaani shamba la maji moto, maji yanapitishwa kwenye mifereji ya mbao ili yapoe kidogo kabla hayajaenda kwenye mahoteli. Kwa dakika moja Kusatsu inatoa zaidi ya lita 30,000 bila kupiga pampu, ni mengi kuliko mji wowote wa onseni Japani. Usiku theluji inadondoka na ule mvuke unapigwa taa, utamkumbuka kijana wako kwa dua.

Sasa kosa la kwanza karibu wageni wote wanalo, wanadhani wanakwenda kuoga kwenye lile bwawa. Hapana. Kuoga kunamalizika kabla. Pembeni pana safu ya vistuli vifupi, kila kimoja na bomba lake, kioo, sabuni na shampuu, unakaa hapo chini unajisugua mpaka mwisho, unajisuuza povu lote liishe, kisha ndio unaingia kwenye maji kujiloweka tu, kimya kimya, kama mtu anayesubiri chai iive. Yale maji wanaingia watu wengi na katika baadhi ya onseni hayatiwi dawa, kwa hiyo kila kinachoingia na wewe wanakikuta wenzako. Ndiyo maana nguo haziruhusiwi. Sio kwamba wanapenda uchi mama, ni kwamba nguo kwao ni uchafu, inaingia na jasho na sabuni ya kufulia. Hata kile kitaulo kidogo watakachokupa hakitakiwi kugusa maji, utaona bibi wa watu amekikunja amekiweka juu ya kichwa. Na dira hata likiwa limetoka dukani leo ni hapana, ukiingia nalo utamkosesha raha kila mtu humo ndani, na wewe mwenyewe utakosa raha zaidi yao.

Halafu ondoa ile picha ya kwamba hawana haya. Wanawake upande wao, wanaume upande wao, hii ndiyo hali ya kawaida kabisa siku hizi, mabafu ya mchanganyiko yamebaki machache na riokani yenye bafu hilo inakwambia mapema. Mlangoni pananing'inia pazia, mara nyingi jekundu la wanawake na la buluu la wanaume, lakini usitegemee rangi, tegemea herufi, hii 女 ni wanawake na hii 男 ni wanaume, iandike kwenye karatasi uweke kwenye pochi. Nakusisitizia kwa sababu riokani nyingi usiku wanabadilisha mapazia, bafu ulilooga wewe jioni asubuhi ni la wanaume, ili kila mgeni apate kuona pande zote mbili. Mzee akiamka alfajiri akaenda kwa mazoea tu, sitaki hata kufikiria. Na ndani humo mtu akitembea anajiziba mbele na kile kitaulo, na macho ya kila mtu yako kwenye maji au kwenye theluji nje. Kumkodolea mtu macho ni utovu wa adabu mkubwa kwao.

Hata hivyo sitakwambia utazoea. Kijana amesema kwa mapenzi lakini hapo amekosea. Mimi sio sheikh, ila nilivyofundishwa ni kwamba hata mwanamke mbele ya mwanamke mwenzake ana mpaka wake, wanazuoni wengi wanasema kitovu mpaka magoti, na bafu la pamoja linauvuka huo mpaka bila ubishi. Kwa hiyo usijilazimishe, na usikubali mtu akufanye ujione mshamba. Wapo Wajapani wenyewe hawaingii bafu la pamoja, mwingine ana kovu la upasuaji wa titi, mwingine ni haya tu, na kwa ajili ya watu kama hao riokani nyingi zina bafu la kukodi kwa saa, wanaliita kashikiri. Mnapewa ufunguo, mnaingia wewe na mzee wako peke yenu, mnafunga mlango kwa ndani, dakika 45 au 50 hivi ni zenu. Sehemu nyingine ni bure, nyingine mnalipia kama yeni 2,000 mpaka 4,000. Yapo pia mavyumba ambayo yana bafu lake la maji moto la nje pale kwenye baraza, haya ni ghali lakini huna haja ya kukutana na mtu yeyote. Mwambie kijana apige simu riokani leo, aulize neno moja tu, kashikiri mnayo? Kama hawana, bado ana nafasi ya kubadilisha hoteli kabla hawajaanza kukata faini, na Kusatsu riokani haziishi.

Zipo njia nyingine ndogo ndogo. Kuna mabafu ya miguu yanaitwa ashiyu, unakaa kwenye benchi na hijabu yako na koti lako, unapandisha gauni kidogo unatumbukiza miguu, pale Yubatake lipo na ni bure. Kama siku nyingine mtapita Hakone, ambayo ni karibu zaidi na Tokyo, kuna sehemu inaitwa Yunessun ambako watu wanaoga maji ya onseni na nguo za kuogelea, familia nzima pamoja. Sio riokani, ni kama bustani ya maji ya watoto, lakini kwa mtu wa stara inaingilika.

Hina na piko. Hapa umeuliza swali ambalo hata wenye hoteli wengi hawajawahi kuulizwa. Ile sheria yao ni ya tatuu, na mzizi wake ni majambazi wa yakuza wanaojichora mgongo mzima, na kabla ya hapo zamani wahalifu walichorwa alama mkononi kama adhabu, serikali ikaja ikapiga marufuku uchoraji wenyewe mwaka 1872 mpaka 1948. Kwa hiyo mzee wa Kijapani akiona mchoro mweusi mwilini kinachomjia kichwani sio harusi. Mwaka 2013 kuna mama wa Kimaori kutoka New Zealand alikataliwa bafu Hokkaido kwa sababu ya mchoro wa kimila usoni, ikawa habari dunia nzima, na mwaka 2015 shirika la utalii la serikali likafanya uchunguzi, mahoteli na mabafu kama 600 yakajibu, asilimia 56 wakasema wanakataa, 31 wanaruhusu, na 13 wanaruhusu ukiuziba. Sasa hina nyekundu iliyoanza kufifia kwenye viganja watu wengi hawataisemea kitu. Piko ndilo linaonekana tatuu halisi, jeusi, na maua yanapanda mpaka kwenye kiwiko. Kama harusi ni ya mtoto wako siwezi kukwambia usipake. Ila mwambie kijana aseme kwenye simu hiyo hiyo kwamba mama ana rangi ya sherehe mkononi, inafutika, na atatumia kashikiri. Ukiwa kwenye kashikiri hakuna wa kukuona, habari imeisha. Na piko lenyewe, mama, lile linalochanganywa na unga wa dawa ya nywele, limewaunguza wengi na kuwaachia makovu. Ukilipaka wiki moja kabla ya kuingia kwenye maji ya asidi kama ya Kusatsu na ngozi imeshaanza kuwasha, utalia. Hina tupu ingenifurahisha zaidi.

Kuhusu weusi wetu nitakuwa mkweli. Kusatsu inapokea wageni kila siku na mtu ambaye ameshalipiwa chumba anapokelewa kwa kuinamiwa mpaka unaona aibu wewe. Watoto wanaweza kukutazama, bibi mmoja anaweza kukuuliza unatoka wapi na akataka kujua kama ngozi yako inaunguzwa na jua, ni ushamba, sio uovu. Lakini nisikudanganye kwamba ubaguzi haujawahi kuwepo. Mji wa Otaru kulikuwa na bafu moja liliweka kibao cha Wajapani tu, watu watatu wakaenda mahakamani, na mwaka 2002 mahakama ya Sapporo ikaamuru walipwe fidia yeni milioni moja kila mmoja. Ni kesi ambayo wenye mabafu wengi wanaijua. Katika wageni wangu hakuna aliyerudishwa mlangoni kwa rangi yake.

Haya. Mzee.

Naomba hapa umwite aje asikie na yeye, au usome kwa sauti. Mtu akiingia kwenye maji ya nyuzi 42, mwili unashtuka, mishipa ya kwenye ngozi inakaza kwa muda mfupi, moyo unakwenda mbio, presha inapanda. Baada ya dakika chache joto likishaingia mishipa inafunguka, inatanuka, damu inakimbilia kwenye ngozi ili kutoa joto nje, presha inashuka, na hapo ndipo mtu anapohisi ile raha ya kulegea mwili mzima. Wakati huo huo maji yenyewe kwa uzito wake yanambana miguu na tumbo kama soksi ngumu, yanasukuma damu juu kuelekea kifuani. Sasa asimame ghafla. Ule mbano wa maji umeondoka mara moja, mishipa ya miguu iko wazi kabisa, damu inamwagika chini, kichwani inabaki kidogo, anaona giza, anaanguka, na pale chini ni jiwe lenye maji. Ongeza sasa vidonge vya presha. Kama anakunywa amlodipini, kazi ya kidonge kile ni hiyo hiyo ya kutanua mishipa, kwa hiyo maji na kidonge vinavuta upande mmoja. Kama anakunywa na kile cha kukojoa, ameingia tayari ana upungufu wa maji mwilini, na bafuni anatoka jasho tena bila kujijua kwa sababu amelowa.

Na mnakwenda mwezi wa kwanza, Kusatsu iko juu kama mita 1,200, nje ni chini ya sifuri. Sehemu ya kubadilishia nguo inaweza kuwa ya baridi, na ukitaka lile bafu la nje unatembea hatua kadhaa uchi kwenye theluji, mishipa inakaza kwa nguvu presha inaruka juu, halafu unatumbukia kwenye moto inaporomoka. Kupanda na kushuka huko ndani ya dakika chache ndiko kunakoua watu huku. Makadirio yanayotajwa sana, ya watafiti wa wizara ya afya, ni watu kama 19,000 kwa mwaka wanaofia kwenye mambo ya kuoga, wengi wazee, wengi miezi ya baridi, na wengi kwenye mabafu ya nyumbani kwao, watu waliozoea maji ya moto tangu utotoni. Nilishawahi kuwa na mgeni, mzee wa miaka sitini na kitu, mcheshi, presha kama ya mzee wako, aliniambia yuko vizuri. Alisimama haraka kwa sababu aliona aibu kuwa wa mwisho kutoka. Bahati alidakwa. Alishonwa nyuzi nne kwenye nyusi na safari ikaishia hapo, na mimi tangu siku ile sikubali neno "yuko vizuri" mpaka nione kipimo.

Kwa hiyo asiingie? Aingie, mama, ila kwa masharti, na masharti haya sio magumu. Maji yasizidi nyuzi 41 na asikae zaidi ya dakika 10, hivi ndivyo hata serikali yao inavyowashauri wazee wao. Kwenye kashikiri mara nyingi kuna bomba la maji ya baridi la kupunguzia, waulizeni mapokezi kama mnaruhusiwa kulifungua. Kabla ya kuingia ajimwagie maji ya lile bwawa kwa kata, aanze miguuni, apande magotini, kiunoni, mabegani mwisho, wenyewe wanaita kakeyu na sio ibada, ni kuupa mwili taarifa. Aingie polepole, akae usawa wa kifua, shingo sio lazima. Akitoka ashike ukingo, akae kidogo kwenye ukingo miguu ikiwa bado majini, ahesabu mpaka thelathini, ndipo ainuke. Bafu la nje aliache, au mliangalie tu kwa dirishani, na kama moyo wake unalitaka sana basi lile ambalo mlango wake unafungukia majini moja kwa moja. Na yale mabafu ya umma ya mitaani Kusatsu asiyajaribu kabisa, mara nyingi ni makali kuliko ya hotelini. Kulikuwa hata na staili yao ya zamani ya kuingia kwenye nyuzi 47 au 48 kwa dakika tatu chini ya msimamizi, ni urithi wa kuheshimiwa, kwa mtu wa presha ni marufuku yangu mimi.

Saa nzuri ni pale mnapofika. Riokani inafungua vyumba saa tisa alasiri, mtakuta mezani chai na kitafunwa kitamu kidogo cha maharage, na hicho hakikuwekwa kwa urembo, mazoea yao ni mgeni aonje kitu kabla ya bafu asije akapata kizunguzungu na tumbo tupu. Mzee ale nusu, anywe chai na glasi mbili za maji, apumzike, muweke kashikiri ya saa kumi, mtoke, mwezi huo magharibi inaingia kama saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni, msali, chakula kinaletwa saa kumi na mbili. Baada ya kula aache, au angalau lipite saa zima na nusu. Alfajiri mapema aache pia, wenyeji wanapenda sana bafu la alfajiri lakini mwili umetoka kulala, umekauka, na huo ndio wakati presha ya wengi inapopanda. Na asiingie peke yake hata mara moja. Akitaka kuonja la wanaume aende na kijana.

Sukari ina mambo yake mawili. Mtu mwenye sukari ya miaka mingi nyayo zinakufa ganzi, hazisikii moto wala kidonda, kwa hiyo apime maji kwa mkono na wewe ukague miguu yake kabla na baada. Na kama anachoma insulini joto linaifanya iingie mwilini haraka kuliko kawaida, sukari inaweza kushuka ghafla, asichome halafu akaingia saa hiyo hiyo. Vile viatu vya mbao vya geta mtakavyoviona mlangoni asivivae kwenye theluji, avae buti zake.

Je yatamsaidia? Yatampa usingizi mzuri, viungo vitalegea, maumivu ya mgongo yatapoa siku mbili tatu. Presha hayaitibu na sukari hayaitibu. Ukutani mtakuta karatasi yenye uchambuzi wa maji, magonjwa yanayofaa na yasiyofaa, ni matakwa ya sheria, kijana awasomee. Asije mtu akamwambia aache vidonge kwa sababu ameonja maji ya Kusatsu, na maji hayo hayanywewi, asidi yake ni kali, pH inakaribia 2, ni kama maji ya limao. Pete na bangili za fedha vueni chumbani zitakuwa nyeusi. Usinyoe mwili siku hiyo wala siku moja kabla, yatachonyota vibaya, na macho usiyasugue. Nywele kama umesuka zifunge juu zisiguse maji, kofia ya plastiki ni ruksa. Na kama bahati mbaya siku zako zimeangukia hapo, huko ni kupisha tu kama kwetu.

Kabla ya safari mzee aende kwa daktari wake, sio duka la dawa, apimwe presha amekaa na amesimama, amwambie kabisa kwamba nakwenda kuingia maji ya moto kwenye baridi. Kama amewahi kupata kiharusi au moyo miezi ya karibuni, kama kifua kinabana akipanda ngazi, kama miguu inavimba, au ana homa siku hiyo, basi mzee atakunywa chai chumbani na wewe utaoga peke yako, na hakuna ubaya. Bebeni kimashine cha presha. Mimi mgeni wangu akisoma zaidi ya 160 kwa 100 siku hiyo simwingizi. Dawa abebe kwenye mkoba wa mkononi, kwenye maboksi yake, na barua ya daktari, dawa za cheti za mpaka mwezi mmoja zinapita bila kibali, nyie mnakaa wiki tatu kwa hiyo mko salama, ila asibebe dawa ya kikohozi yenye kodini wala mafua ya kuchanganya changanya bila kuuliza, Japani ni wakali hapo.

Akizidiwa bafuni usihangaike kumtoa peke yako, atakuelemea. Inua kidevu chake kisizame, vuta kizibo maji yatoke kama kipo, bonyeza kengele ya dharura au piga kelele. Akitoka akalala chali dakika chache miguu ikiwa imeinuliwa na akarudi sawa, anywe maji na bafu basi kwa safari hiyo. Kifua kikibana, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakimkwama, au amechanganyikiwa harudi sawa, ni 119, gari la wagonjwa kwao halilipishwi, neno lake ni kyukyusha, wahudumu wa riokani watapiga wenyewe ukiwatamkia hilo tu. Na nunueni bima ya safari, hospitali yenyewe inalipishwa.

Kwenye simu ya kijana aongeze na chakula. Suala la nguruwe watalielewa, lakini aseme pia pombe ya kupikia, maana ile mirini na sake inatiwa kwenye sosi karibu zote, na aseme sasa, jikoni wananunua vitu siku kadhaa kabla, mkisema mkifika watawaletea wali mtupu wakiomba radhi machozi yakiwalenga. Samaki kwao ni utaalamu, hamtakosa. Lile vazi la yukata chumbani ni lenu kuvaa mpaka kwenye chakula, kushoto kuja juu ya kulia, kinyume chake wanamvika maiti, na chini yake wewe vaa nguo zako na mtandio wako, hakuna atakayesema. Vyoo vyao vinarusha maji ukibonyeza kitufe, hapo hutapata shida kabisa.

Mataulo, sabuni, shampuu, miswaki, msibebe, vyote mtavikuta. Beba losheni yako au mafuta ya nazi, ile hewa ya baridi na salfa inakausha ngozi, na kanga moja ya kujitanda kutoka kwenye kashikiri mpaka chumbani.